Koti Lililopigiwa Saluti

Kitendawili. Nimeona mzigo mabegani mwa mtu, hauna uzito hata wa kipande cha sabuni, lakini anayeubeba hutembea kifua mbele, na akiutua hutembea ameinama.

Wajukuu zangu walihangaika nacho jioni nzima. Mmoja akasema shali. Mwingine akasema mtoto mchanga, nikamwambia hajawahi kubeba mtoto mchanga. Mwishowe wakanipa mji, nikala, nikawapa jibu: cheo cha jeshi. Wakaguna kwamba nimewaonea. Sikuwaonea. Mimi vyeo navijua kwa vidole, maana nilikuwa fundi cherehani karibu na kambi, na nusu ya magwanda yaliyotoka pale yalipita chini ya sindano yangu.

Duka langu lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu. Cherehani dirishani, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu, na sanamu la mbao lisilo na kichwa, la kuvalishia nguo zinazosubiri wenyewe. Barazani alikaa mume wangu na redio yake. Yeye alikwisha kustaafu, lakini mtaa mzima ulimwita Sajini, nami pia, hata mezani. Jeshi lilimstaafisha yeye, cheo likamwachia.

Katika kazi ile tulikuwa na mwiko mmoja. Fundi anashona koti, anatia vifungo, anatengeneza vikanda vya mabegani, lakini vyeo hachomeki. Vyeo ni vifuko vidogo vya kitambaa vilivyotiwa alama, vinavyoingizwa kwenye kikanda cha bega kama kidole kwenye pete. Mwenyewe ndiye huvichomeka, koti likiwa limekwisha kuwa mwilini mwake. Mama aliyenifundisha kazi hakunieleza sababu. Alisema, "Usichomeke, na usiniulize." Sikumuuliza.

Siku moja akaja Kanali. Alikuwa mteja wangu wa zamani, mtu mpole, bega lake la kushoto limelala kidogo kwa sababu ya ajali ya gari ya ujanani. Kila koti lake nililitia pamba bega lile ili lilingane na lenzake.

"Mama Fundi," akasema, "safari hii nipime vizuri. Nimenenepa kwa habari."

"Habari gani hiyo inayonenepesha? Nami niitafute."

"Ya kupanda."

Sajini kule barazani akazima redio. Nilisikia kiti kikisukumwa. "Unavishwa ubrigedia, afande?" akauliza, tayari kasimama wima mlangoni.

Kanali akatikisa kichwa kukubali, akacheka kwa haya kama bwana harusi.

Neno Brigedia nilikuwa nimelisikia miaka yote ile, lakini mtu unaweza kulisikia neno kila siku usijue ndani kuna nini. Nikamwambia, "Hebu nieleze mimi niliyeishia shule ya msingi. Brigedia ni nani hasa?"

"Kanali ana kikosi chake," akasema, nikimzungushia futi kamba kifuani. "Ukichukua vikosi kadhaa ukaviunganisha, hiyo ni brigedi. Anayeiongoza brigedi ndiye Brigedia. Juu yake yuko Meja Jenerali, halafu Luteni Jenerali, halafu Jenerali mwenyewe. Kuna nchi wanaongeza neno, wanasema Brigedia Jenerali, wanamketisha na majenerali. Kuna nchi ni Brigedia tu. Amewapita makanali wote, lakini kwa majenerali hajaingia."

"Basi huyo amesimama mlangoni," nikasema.

Akacheka. Halafu kicheko kikamwishia kabla ya wakati wake. "Ndiyo," akasema, "mlangoni."

Nami kwa utani wangu: "Haya, Brigedia, inua mkono nikupime kwapa."

Aliushusha mkono haraka kama aliyeguswa na pasi. "Usiniite hivyo bado, mama. Mpaka nivishwe, hakuna Brigedia. Ukimwita mtu ambaye hayupo, utajuaje nani atakayeitika?"

Sajini akaitikia kule mlangoni kwamba ndivyo kanuni ilivyo. Mimi nikapima kwapa.

Koti lilitoka zuri kuliko yote niliyowahi kushona. Kanali hakulivaa. Siku chache kabla ya kuvishwa alikutwa ameketi kitandani kwake asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, amekufa. Walisema ni moyo. Na kwa kuwa cheo huhesabiwa tangu siku ya kuvishwa, kaburini walisoma Kanali, msalabani wakaandika Kanali, na salamu za rambirambi zikaja kwa mjane wa Kanali.

Mjane wake alikuja dukani wiki za maombolezo zilipopita. Alikuwa mdogo kwangu, mwanamke mrefu asiyezoea kulia mbele za watu. Alisimama mbele ya sanamu lililovaa lile koti, akaligusa kola.

"Umeona walivyomfanyia, dada? Maisha yake yote alilitafuta neno moja. Wamemnyima hata pale mchangani."

"Pole, mdogo wangu. Keti nikuletee maji."

Nilipokwenda jikoni sikujua kwamba vyeo alikuwa navyo mkobani. Aliviweka tayari mumewe kwa ajili ya siku yake. Niliporudi na bilauri nilimkuta ameshachomeka cha bega la kulia, anamalizia cha kushoto. Kabla sijafungua mdomo alirudi nyuma hatua, akasema kwa sauti safi, kama mtu anayempokea mgeni:

"Karibu, Brigedia."

Mimi si mtu wa kuona mambo. Lakini kuna ukimya wa chumba kisicho na mtu, na kuna ukimya wa mtu anayenyamaza. Chumba kilitoka kwenye ukimya wa kwanza kikaingia kwenye wa pili.

"Liache likae hapa kwanza," akaniomba. "Nyumbani kwangu sina pa kulitundika nisilie."

Ningemkatalia vipi? Nikamwambia sawa.

Wa kwanza kulipigia saluti alikuwa koplo mmoja aliyeleta shati lililokatika kifungo. Aliingia huku akitafuna kitu, akaliona koti, visigino vikagongana, mkono ukapanda.

"Unampigia nani wewe?" nikamwuliza.

Akashtuka, akajicheka. "Mazoea, mama. Si mtu. Nimekipigia cheo."

Nikaenda kumsimulia Sajini kama kichekesho. Hakucheka. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Saluti si ya sura ya mtu. Wapo niliowapigia saluti na moyoni ninawatukana. Ulikuwa unakipigia kile cha begani. Mtu ni sanamu tu la kukitundikia."

"Na kama sanamu ni sanamu kweli?"

Akakuna ndevu. "Hilo halikuwamo katika mafunzo yetu, Mama Kipenga."

Tangu hapo kila askari aliyeingia alipiga saluti. Mwanzoni walicheka baada ya kupiga. Baadaye hawakucheka tena. Walipiga, wakaniambia haja yao kwa sauti ya chini, wakatoka kinyumenyume. Hata kina mama wa mtaani waliokuja kushona magauni walianza kunong'ona bila kujua kwa nini. Shoga yangu mmoja aliyekuwa na mdomo mpana kuliko soko alikaa dukani mwangu mchana mzima asimsengenye mtu. Nikajua hapa pana jambo.

Mjane alikuja kila alasiri. Alilisalimia, "Za kutwa, Brigedia," akaketi mbele yake kwenye kigoda, akamweleza habari za nyumba. Paa linavuja. Shemeji kaja. Uso wake ulianza kunawiri. Siku moja aliniambia akitabasamu, "Leo ameniitikia."

"Kwa sauti yake?"

Hapo alisita, akachezea pete yake. "Kwa sauti ya mtu mwenye cheo," akasema.

Sasa sikilizeni jambo hili, ninyi mnaojua kushona mtanielewa haraka. Kiwiko cha mkono wa nguo hakiwi na makunyanzi mpaka mtu aukunje mkono ndani yake, tena mara nyingi. Pasi haiwezi kuyaweka makunyanzi yale, wala kutundikwa hakuyaleti. Asubuhi moja nilikuwa nafuta vumbi, nikayaona. Mikono yote miwili. Makunyanzi ya nguo iliyovaliwa, iliyokunja mikono nyuma, iliyokagua watu.

Nikachukua futi kamba nikalipima. Kifua kilikuwa kimeongezeka. Bega la kushoto, lile nililolitia pamba kwa sababu ya Kanali wa watu, lilikuwa limenyooka kama rula, na nilipobonyeza sikukuta pamba. Nilikuta kitu kigumu, kina joto la mwili. Nikauondoa mkono wangu pole pole, kama unavyouondoa kwa mbwa usiyemjua.

Siku ile mjane alipokuja nilimwambia, "Mdogo wangu, lichukue koti lako. Huyu si mumeo."

"Wewe mumeo yuko pale barazani na redio yake," akasema. "Mimi nina koti."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Sasa nije kwa Kipenga. Huyu ni kitinda mimba wangu, tulimpa jina hilo kwa sababu alipong'oka meno ya mbele alipiga mluzi badala ya kuzungumza. Alijiunga na jeshi na cheo chake kilikuwa kutokuwa na cheo. Alikuja likizo, na alilikuta koti likiwa na heshima zake zote mtaani. Yeye hakujali. Kila akipita alijikakamaza mbele yake: "Afande Brigedia! Askari wa mama yangu naripoti! Chakula kipo, chumvi imezidi, mpishi hataki kuambiwa!"

"Wewe mtoto!" baba yake alimfokea. "Cheo hakitaniwi!"

"Baba, hili ni koti. Halina hata kichwa."

"Hata wenye vichwa wengi hawakuvitumia. Acha!"

Nilicheka wakati huo. Nilicheka.

Ilikuwa alasiri, kesho yake arudi kambini. Nilikuwa namkunjia pindo la suruali, nimeinama natafuta tundu la sindano. Nikasikia viatu vyake vikiingia, halafu visigino vikigongana, ta!

"Mwambie leo chumvi sawa," nikasema bila kugeuka.

Kimya.

"Kipenga?"

Nikageuka. Alikuwa amesimama mguu sawa mbele ya koti, ngumi zimebana mapajani, kidevu juu. Nilisubiri acheke. Nzi akatua shavuni mwake, akatembea mpaka kwenye kope, akatembea kwenye jicho lenyewe. Jicho halikupepesa. Lilitoa chozi tu, likateremka mpaka shingoni.

Nilimkamata mkono. Ulikuwa kama mguu wa meza. Nikamtikisa, nikampiga kofi, nikamwita kwa jina la ubatizo ambalo hata mwenyewe halipendi. Kitu pekee kilichotikisika ni kifua chake, juu na chini, kwa taabu, kama mtu anayepumua kwa ruhusa.

"Sajini!" nikapiga ukelele. "Sajini, njoo, mtoto!"

Mume wangu alifika mlangoni. Mguu wake mmoja tu ulivuka kizingiti, na nikamwona mgongo ukimnyooka, mgongo uliokuwa umepinda miaka. Mkono ulianza kupanda wenyewe. Akajitupa nyuma, akaanguka barazani, akapaza sauti kutoka kule chini: "Askari! Mguu pande!"

Hakuna kitu.

"Mguu pande, nimesema! Mimi ni baba yako!"

"Baba yake ni Sajini tu," nikasema, nikalinyooshea koti kidole. "Na huyu hapa ni nani?"

Alijikalisha akiegemea nguzo, jasho linamtoka. "Amri haifutwi na aliye chini," akasema. "Anaifuta aliyeitoa, au aliye juu yake. Juu ya Brigedia ni Meja Jenerali."

"Basi nenda kambini ukamlete!"

"Nikamwambie nini, mke wangu? Njoo dukani uliamuru koti?"

Midomo ya mwanangu ilikuwa inakauka. Miguu ilikuwa inavimba ndani ya viatu, kamba zimekaza mpaka zinalia. Mtu hafi kwa kusimama siku ile ile, lakini kupumua kwa ruhusa ni jambo jingine, na niliona kifua chake kinakwenda polepole zaidi kila nilipotazama. Nikachukua mkasi. Mimi ni raia. Cheo hakina la kuniambia. Nikaelekea kwenye mabega ya koti.

"Usivikate!" Sajini alilia. Sijawahi kumsikia akilia hivyo. "Ukivitoa sasa amri inabaki, na mwenye kuifuta hayupo! Atasimama mpaka aoze!"

Mkasi ukanining'inia mkononi. Nikaketi juu ya kigoda cha mjane, katikati ya mwanangu na lile koti, na unajua nilifanya nini? Nilifanya ninachofanya siku zote nikizidiwa. Nilijitegea kitendawili. Nani huyu, asiyezaliwa, asiyekufa, akiitwa yupo? Nikakigeuza. Nikakigeuza tena. Aliyekufa alikuwa Kanali. Brigedia hakufa, maana hakuwahi kuwapo. Hakuna aliyemvisha, hakuna aliyemwapisha. Alikuwapo kwa sababu moja tu. Kuna mtu alimwita.

"Sajini," nikasema, "mtu ambaye hakuvishwa, akitoa amri?"

"Hiyo si amri," akasema. "Ni kelele tu."

"Nenda kamlete mjane. Kimbia."

Hakukimbia, magoti yake hayakimbii. Lakini alikwenda.

Mjane alipoingia alikuwa na tabasamu lake la alasiri. Alimwona Kipenga, tabasamu likabaki usoni bila kazi.

"Brigedia," akaliambia koti, haraka, kama mke anayejaribu kutuliza hasira mbele za wageni, "Brigedia wangu, mwachie mtoto wa watu. Alikuwa anatania."

Shingo ya koti, pale ambapo hapana kichwa, iligeuka kidogo. Niliiona kola ikijikunja. Koti halikumgeukia yeye. Lilimgeukia Sajini aliyekuwa barazani.

"Hakusikilizi," nikamwambia. "Mumeo angekusikiliza. Mumeo alikuwa mtu mpole, nilimpima mimi, najua hata mahali alipokuwa anatekenywa. Huyu ni nani, mdogo wangu? Wewe ndiye uliyemkaribisha. Mwambie ukweli wake."

"Ukweli upi?"

"Kwamba hakuna Brigedia."

Akarudi nyuma mpaka akagonga meza ya kukatia. "Nikisema hivyo nitakuwa nimemzika."

"Ndiyo."

"Nilikwisha kumzika!"

"Bado. Ulimzika nusu, nusu ukaileta hapa."

Alinitazama kwa chuki. Sikumlaumu, na simlaumu leo. Nilimtaka atoe kitu cha mwisho alichobaki nacho ili nipewe changu. Kipenga akapumua, pumzi ikaingia kidogo sana, nayo ikakaa. Nilihesabu moyoni, nikapotewa na hesabu. Haikutoka.

"Shemeji," Sajini akasema kutoka nje, taratibu, "hata sisi tuliompenda tulimwita Kanali. Lilikuwa jina zuri."

Mjane alijifunika uso kwa viganja. Alipoviondoa alikuwa amezeeka. Akaliendea koti, akasimama karibu nalo kuliko alivyowahi kusimama, kifua kwa kifua.

"Mume wangu alikuwa Kanali," akasema. Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Alikufa akiwa Kanali. Kiatu mkononi. Brigedia hakuwahi kuwapo. Wewe sikujui."

Akanyoosha vidole, akavichomoa vyeo. Kile cha kulia kilitoka. Cha kushoto kiling'ang'ania, akakivuta kwa mikono miwili, kikatoka kwa mlio kama wa mtu anayeng'olewa jino.

Wakati uleule sakafu ilitetemeka. Bilauri zililia kabatini, sindano zikaruka ndani ya kopo, na mlio mmoja mzito, dum, ukapita chini ya miguu yetu. Nilidhani lori kubwa limepita barabarani. Kipenga akaanguka magotini, akatapika maji, akavuta pumzi kwa sauti ya mtoto anayezaliwa. Nikamkumbatia kichwa. Alikuwa analoa jasho, analegea, analalamika miguu, na sijawahi kusikia malalamiko matamu kama yale.

Koti lilikuwa limejikunja kwenye sanamu. Kitambaa tu. Mjane aliketi sakafuni, vyeo viko mapajani pake, akaanza kulia kilio ambacho hakukilia msibani. Sajini akaja akaketi karibu naye, akampa leso yake yenye harufu ya tumbaku.

Tulimpa Kipenga maji. Alikunywa, akamwagikiwa, akanywa tena. Macho yake hayakutulia. Yalikuwa yanautazama ukuta wa nyuma wa duka, ambako nyuma yake kulikuwa na kiwanja kitupu kisichojengwa.

"Alikuambia nini?" nikamwuliza.

"Aliniambia nijipange," akasema. "Alisema Brigedia hawezi kuwa na mtu mmoja. Alisema nisogee mbele, mstari wa mwisho umejaa."

"Mstari gani, mwanangu?"

"Mlikuwa hamwaoni?" Alishangaa kweli. "Mama, sikuwa peke yangu. Nyuma yangu wamejaa mpaka ukutani, na ukutani hawaishii. Wengine wamevaa magwanda ya zamani, ya kitambaa ambacho sasa hakishonwi. Wote mguu sawa. Wengine wana nyasi zimewaota viatuni."

Sajini aligeuka akautazama ukuta.

"Lakini sasa wameachiwa, si kama wewe?" nikasema. "Ule mtetemo..."

"Ule ulikuwa wao, wamekwenda mguu pande. Mara moja, wote." Akafuta mdomo. "Lakini hawajatawanyika, mama. Mguu pande si ruhusa ya kuondoka. Bado wanangoja. Mimi nilimsikia huyu mke wa Kanali akisema Brigedia hayupo. Wao walio nyuma hawakusikia. Nani atakwenda kuwaambia?"

Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani, limelala juu ya ukuta ule, chokaa yake ya siku zote, alama ya msumari wa kalenda ya zamani. Mume wangu alitazama chini. Mjane alivifumbata vyeo kiganjani.

Mimi sina cheo. Sikuwahi kuongoza hata kwaya. Lakini nimewaita watoto waingie ndani jioni nyingi sana, wangu na wa jirani, na najua kwamba kuna sauti ambayo mtoto lazima aitii hata akiwa katikati ya mchezo, hata akiwa ameota ndevu. Niliinuka, nikaenda ukutani, nikaweka viganja vyote viwili kwenye chokaa. Ilikuwa baridi kama maji ya kisima.

"Wanangu," nikasema. "Aliyewapanga hapo hayupo. Hakuna mnayemngoja. Jua linazama, mama zenu wamechoka kusimama mlangoni. Rudini nyumbani."

Nikatega sikio. Kwanza hapakuwa na kitu. Nikasikia moyo wangu mwenyewe, nikasikia kwikwi za mjane, nikamsikia Kipenga anaweka bilauri chini.

Halafu mbali, upande wa pili, kama mtu asiye na hakika kama ameruhusiwa, mguu mmoja ukavuta hatua. Ukasimama. Ukavuta nyingine.